Ikama ya P.W.D. na watu waliokuwa nje ya ikama

Mtu akiniuliza serikalini nilifanya kazi gani, humjibu kwamba nilihesabu watu. Miaka thelathini na minne, kuanzia 1988 hadi 2022, nilikuwa afisa utumishi katika halmashauri tatu, na kama hujawahi kukaa ofisi ya utumishi, ujue dunia yetu inazunguka maneno matatu: ikama, tange na kasma. Ikama ni idadi ya watumishi mnaoruhusiwa kuwa nao. Tange ni orodha yao kwa majina, vyeo na tarehe za kuajiriwa. Kasma ni fungu la fedha linalomlipa kila mmoja. Jina lako likiwa kwenye tange na kasma ikawa haina kitu, utakula ahadi. Kasma ikiwapo na jina lako halipo, wewe si mtumishi, hata kama umeshika fagio la serikali tangu alfajiri.

Baada ya kustaafu nilipata nafasi ya kufanya jambo nililokuwa nikiliahirisha kila likizo. Nilikwenda Nyaraka za Taifa, pale Upanga, nikaomba vitabu vya makadirio ya serikali ya Tanganyika, nikaanza kutafuta ikama ya Idara ya Kazi za Umma. Kwa Kiingereza ni Public Works Department, P.W.D., na wazee wetu waliiita kwa herufi hizo, Pii-Dabliu-Dii. Babu yangu mzaa baba aliifanyia kazi zaidi ya miaka kumi na tano kwenye barabara ya Iringa kwenda Dodoma. Jina lake nilijua sitalikuta. Nilitaka kuona kama nitaikuta walau nafasi yake.

Makadirio ya enzi zile yana mpangilio ambao afisa utumishi yeyote atauelewa bila mkalimani. Idara nyingine, kama polisi au elimu, zilikuwa na fungu moja. Kazi za Umma walikuwa na mafungu matatu. La kwanza ni la idara yenyewe: mishahara ya walioajiriwa, safari zao na matumizi ya ofisi. La pili ni la kazi za kila mwaka, yaani matengenezo: kupaka chokaa maboma, kubadilisha bati lililotoboka, kuichonga barabara baada ya masika. La tatu ni la kazi za pekee, yaani ujenzi mpya: daraja, jela, hospitali, nyumba ya hakimu. Na si Tanganyika tu. Ukifungua makadirio ya Kenya, Uganda au Nyasaland utakutana na mafungu yale yale, kana kwamba yamepigwa chapa kwa muhuri mmoja.

Nilipoyaona hayo mafungu matatu nilicheka peke yangu, mpaka kijana wa masijala akainua kichwa. Jibu nililolifuata Dar es Salaam lilikuwa pale. Fungu la kwanza ndilo lenye watu. Kila cheo kimeandikwa, nafasi ngapi, mshahara unaanzia wapi na kuishia wapi. Mafungu mawili yanayofuata hayana mtu hata mmoja. Yana barabara, majengo na pauni. "Matengenezo ya barabara kuu", kiasi fulani, basi. Babu yangu alikuwa humo ndani, amechanganywa na simenti, mafuta ya lori na mipini ya sururu.

Nianzie juu, maana wa juu ndio wanaokumbukwa. Mkurugenzi wa kwanza wa Kazi za Umma Tanganyika aliitwa John Einar Selander. Kama umewahi kukaa kwenye foleni ya asubuhi Dar es Salaam ukitokea Mwenge kwenda Posta, jina lake umelitaja mara nyingi bila kumjua. Daraja la Salenda, lililojengwa 1929 mahali maji ya Msimbazi yanapoingia baharini, lilipewa jina lake, na makonda wakamgeuza Mswahili wa kudumu. Daraja la Tanzanite limefunguliwa Machi 2022, refu, lina taa na watu wanapigia picha, lakini abiria bado anasema "nishushe Salenda". Daraja lile lilifungua njia ya kwenda Oysterbay, ambako Wazungu walijengewa makazi yenye upepo wa bahari. Kwa hiyo hata waliolitumia sana mwanzoni walikuwa watu wa fungu la kwanza.

Chini ya mkurugenzi walikuwapo wasaidizi wake, wahandisi wa majimbo, wahandisi wasaidizi, wasanifu wa majengo, wakaguzi wa kazi, mpaka maforemani wa Kizungu waliosimamia karakana na barabara. Namna ya kuwapata ilikuwa hivi. Gavana akihitaji mhandisi, hakubandika tangazo ukutani Dar es Salaam. Aliandika London, Wizara ya Makoloni. Wakala wa serikali za makoloni, Crown Agents, wakatafuta mtu, wakamfanyia usaili, wakamkatia tiketi ya meli. Hao hao Crown Agents ndio waliokuwa wakinunua bati, mabomba, simenti na mashine. Mhandisi na bati walitoka duka moja.

Akishafika alifanya kazi kwa kipindi cha miezi kati ya ishirini na thelathini, kisha akaenda likizo kwao kwa miezi kadhaa, na safari ya meli juu yake. Akirudi, si ajabu akapelekwa mkoa mwingine kabisa. Kwa mazoea ya kazi nikachukua kalamu. Ukiwa na wahandisi kumi wanaozunguka namna hiyo, karibu wakati wote wawili hawapo. Nafasi zao zinakaimiwa na walio chini yao, na nafasi za hao zinakaimiwa na walio chini zaidi. Mimi nimewahi kuendesha idara yenye wakuu wa vitengo wanne wanaokaimu kwa pamoja, kwa hiyo najua hali inavyokuwa: kila mtu anasaini "kny", yaani kwa niaba ya mwingine, na hakuna anayetaka kuamua. Sasa chukua hali hiyo, iweke kwenye nchi kubwa kuliko Uingereza mara kadhaa, halafu ujiulize ni nani aliyejua kwamba kalvati la tatu baada ya mteremko wa Nyang'oro, kwenye barabara ile ya babu, huziba kila Februari. Mhandisi aliyekuwa akilijua yuko melini. Aliyekuja jana bado anatafuta Nyang'oro kwenye ramani.

Waliokuwa hawahami ni watu wa katikati na watu wa chini.

Wa katikati walikuwa Wahindi, na hilo halikuwa jambo la bahati. P.W.D. yenyewe ilizaliwa India. Lord Dalhousie aliianzisha huko mwaka 1854, na chuo cha Roorkee, kilichokuwapo tangu 1847, kikawa kinatoa wahandisi na wasaidizi wao. Ule utaratibu wa ngazi, wa mhandisi mtendaji na msimamizi na daftari la vibarua la kila mwezi, ulivuka bahari ukiwa umekwisha komaa. Waingereza walipoichukua Tanganyika kutoka kwa Wajerumani hawakubuni idara, waliihamisha. Katika ikama ile Wahindi ndio makarani wa hesabu, wachoraji, watunza stoo, maseremala na makanika. Wagoa walikaa ofisini, Masingasinga karakana. Mshahara ulifuata asili ya mtu kabla haujafuata kazi yake.

Babu hakuwa na maneno mengi juu ya wahandisi. Aliwaona wakiwa ndani ya magari. Juu ya bwana stoo alikuwa na maneno. Kila jioni sururu, mabeleshi na makarai yalirudishwa, yakapangwa chini kwa mistari kama askari wa gwaride, bwana stoo akapita akihesabu kwa kidole. Mpini ukivunjika ilibidi uurudishe uliovunjika ndipo upewe mpya. Si kipande kimoja: vipande vyote viwili. Babu alisema siku moja mwenzao alikuja na nusu ya mpini kwa sababu nusu nyingine walipikia uji, na bwana stoo akakataa katakata. Wenzangu mnaocheka, nendeni mkaone bodi ya kufuta mali chakavu inavyokaa hata leo, wajumbe watano wamezunguka kiti cha miguu mitatu wakitafuta mguu wa nne ulipo.

Waafrika walikuwamo kwenye fungu la kwanza, tusidanganyane. Walikuwapo makarani, matarishi, madereva, mafundi kadhaa, na manyapara wachache waliobahatika. Hawa walikuwa na nafasi zinazojulikana na nyongeza za mshahara, na watumishi wa namna yao walikuwa na chama: Martin Kayamba alianzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali kule Tanga mwaka 1922. Karani alivaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi na soksi ndefu. Akifa, kulikuwa na jalada lake.

Halafu wanakuja vibarua. Neno lenyewe linasema. Kibarua ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu aliyefanya kazi ya kutwa ili akakionyeshe alipwe. Lugha yetu ikachukua kikaratasi ikamwita mtu kwa jina hilo. Sijui lugha nyingine iliyofanya hivyo kwa unyoofu kama huo.

Babu alianza kuwa kikaratasi akiwa kijana, kwenye mkonge, upande wa Kilosa. Kadi yake moja ya kipande ninayo. Ni karatasi ngumu ya rangi ya kahawia, pembe zimelika, ina visanduku thelathini. Ishirini na saba vimetiwa alama kwa penseli ya zambarau, ile ya kulowesha kwa ulimi. Vitatu ni vitupu. Utaratibu wa kipande ulikuwa kwamba ukimaliza siku thelathini za kazi ndipo unalipwa. Siku uliyougua au uliyolala haihesabiwi, na kadi ilikuwa na muda wake wa kumalizika. Alipoondoka zilikuwa zimebaki siku tatu. Nilimuuliza kwa nini hakuvumilia hizo tatu. Aliishika kadi mbali na macho, kama wazee wanavyosoma, akasema, "Hapa sijui nawadai au wananidai." Hakuongeza neno.

Barabarani hakuomba kazi. Alikuwa anadaiwa kodi ya kichwa. Jumbe alimpeleka Boma, yaani ofisi ya serikali ya wilaya, pamoja na wengine, na Boma ikawapeleka kambi ya barabara wakalipe kodi kwa jasho. Hapo ndipo ikama ya P.W.D. inapokutana na sheria ya kimataifa, na mimi, niliyezoea kusoma nyaraka za serikali kwa kutafuta neno moja tu, nililitafuta nikalipata. Mkataba wa udhamini wa mwaka 1922, ambao kwa huo Uingereza ilikabidhiwa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa, ulikataza katika Ibara ya 5 kazi za kulazimishwa za kila namna, isipokuwa kwa kazi na huduma muhimu za umma, tena kwa ujira unaostahili. Katika waraka wowote, "isipokuwa" ndiyo inayofanya kazi. Mwenye shamba binafsi hakuruhusiwa kulazimisha mtu. Serikali iliruhusiwa, na ni serikali hiyo hiyo iliyoamua kipi ni muhimu. Barabara? Muhimu. Kubeba mizigo ya afisa anayezunguka wilaya? Ikaonekana muhimu pia. Mwaka 1930 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wake dhidi ya kazi za kulazimishwa, Uingereza ikauridhia 1931, lakini mlango wa mdaiwa wa kodi kulipa kwa kazi haukufungwa kwa siku moja.

Na kwa nini barabara hiyo? Iringa haikuwa na reli. Reli ya Kati ya Wajerumani ilipita Dodoma kwenda Kigoma, na vitu vingi vilivyotoka au kuingia Iringa vilipitia Dodoma. Zamani zile vilipita kwa vichwa vya wapagazi. Serikali ilitaka barabara zinazoilisha reli, si zinazoshindana nayo; mwaka 1931 ilitunga hata sheria ya kuzuia malori kubeba bidhaa kwenye njia zinazofuatana na reli. Kwa hiyo barabara iliyokatisha kutoka Iringa kushuka Nyang'oro, kupita Izazi, kuvuka Ruaha pale Mtera na kuingia Ugogo ilikuwa na thamani machoni pa Dar es Salaam. Njia ndogo ndogo za vijijini ziliachiwa Boma na watawala wa kienyeji, na huko watu waliitwa kwa tarumbeta na kurudi makwao jioni bila hata kikaratasi.

Kambi ya babu ilikuwa na wanaume thelathini na kidogo, nyapara mmoja, na kipande chao cha barabara cha maili kadhaa. Bwana barabara, yaani foremani wa Kizungu, alipita kila baada ya wiki kadhaa, akashuka, akapiga teke changarawe, akasema neno, akaondoka. Siku nyingine zote serikali ilikuwa ni nyapara. Asubuhi alitembea na kamba yenye mafundo, akapima, akachoma kijiti: kutoka hapa mpaka hapa ni yako. Hiyo ndiyo kazi ya ugwe. Ukimaliza ugwe wako, umemaliza siku yako. Wenye nguvu walimaliza saa tano wakaenda kutega kanga. Babu hakuwa mwenye nguvu sana, kwa hiyo alijifunza kitu kingine, kupanga mawe ya kalvati, kazi ambayo haipimwi kwa kamba. Alisema jiwe la chini ndilo linalochaguliwa kwa muda mrefu, mengine yanajifuata. Posho ilikuwa unga, maharage na chumvi, na ikichelewa kutoka Dodoma nyapara aliruhusu watu waende kuwinda, akiandika siku hiyo kuwa ya kazi. Kwa hiyo hata kwenye daftari la serikali kulikuwa na huruma, ila iliandikwa kama uongo.

Siku ya malipo aliisimulia zaidi ya yote, na ninaijua kwa sababu nimekuwa upande wa pili wa meza ile. Meza ya kukunja chini ya mti. Sanduku la chuma lenye shilingi. Askari mmoja wa Boma na bunduki yake. Mlipaji, karani, na shahidi wa kusaini. Daftari limefunguliwa, refu kama mlango, jina kwa jina, na mbele ya kila jina safu ya siku, alama ya kuwapo na alama ya kutokuwapo. Kwenye daftari lile kila mtu alikuwa "bin" fulani, hata waliobatizwa misheni Tosamaganga wakiwa na majina ya watakatifu. Karani anaita, mtu anajitokeza, anahesabiwa, anapewa fedha mkononi, kidole gumba kinaingia kwenye wino. Asiyekuwapo fedha yake inarudi. Haikai kambini, haipewi ndugu, inarudi hazina kwa stakabadhi. Utaratibu ule niliutumia mimi mwenyewe mwaka 2009 kuwalipa vibarua wa daftari la kaya, karibu neno kwa neno, isipokuwa wino wetu ulikuwa wa buluu.

Babu alikuwa na desturi ya kukifuta kidole kwenye gome la mti. Alisema mti wa malipo wa Izazi ulikuwa na madoa meusi mpaka usawa wa kifua cha mtu.

Sasa narudi kwenye mafungu. Mtu wa fungu la kwanza akilipwa na kasma ya mishahara, utumishi wake unaendelea mvua inyeshe isinyeshe. Mtu aliyemo ndani ya kazi anaisha na kazi. Fedha ya barabara ikimalizika, nyapara anaambiwa "fungu limekwisha", kambi inavunjwa, watu wanarudi makwao kulima. Fungu jipya likifunguliwa, wale wale wanaitwa, kwa sababu ndio wanaoijua barabara. Babu aliachishwa na kurudishwa namna hiyo mara ambazo yeye mwenyewe alishindwa kuzihesabu. Kwa hesabu ya mwili wake alifanya miaka zaidi ya kumi na tano. Kwa hesabu ya utumishi hakuwahi kufikisha miwili mfululizo. Kila aliporudi alikuwa mtu mpya. Mtu mpya hana likizo, hana nyongeza, hana kiinua mgongo. Hakuna aliyevunja kanuni yoyote kumtendea hivyo, na hapo ndipo nilipokifunga kitabu kwa muda nikaenda kunywa chai.

Mambo yakibana, mpangilio huu unaonekana uzuri wake kwa mwenye nao. Wakati wa anguko la uchumi la miaka ya 1930, London ilimtuma Sir Sydney Armitage-Smith, mwaka 1932, kuchunguza fedha za Tanganyika, na upunguzaji wa watumishi ukawa ndiyo habari ya mjini. Mzungu aliyepunguzwa alipata barua na nauli. Karani aliyepunguzwa alipata walau barua. Kibarua hapunguzwi, kwa kuwa hakuwahi kuongezwa. Fungu la ujenzi mpya linakatwa kwa mstari mmoja wa kalamu, na mamia ya watu wanatoweka bila mtu yeyote kuandika kwamba wametoweka.

Baada ya vita ya pili wakubwa walianza kukaa vikao juu ya mishahara. Tume ya Holmes, iliyotoa ripoti 1948 kwa nchi za Afrika Mashariki, ilipendekeza kwamba Mwafrika mwenye cheo sawa na Mzungu alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu. Tatu ya tano! Nimekaa vikao vingi vya maslahi ya watumishi, vingine vya kutia aibu, lakini sijawahi kuona mtu akiligawa jambo hilo kwa sehemu ya hesabu na kuipigia chapa. Tume ya Lidbury ya 1954 iliiondoa rangi kwenye viwango vya mishahara na kuweka posho ya ziada ya kuwavutia wageni, ambayo kwa mfuko wa mgeni haikuleta tofauti kubwa. Shule ya ufundi ya Ifunda, palipokuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa vita, ikaanza kufundisha vijana wa Kiafrika useremala na uashi. Mwaka 1957 ikafunguliwa shule ya ufundi Dar es Salaam, ambayo leo ni Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT. Mambo hayo yote yalikuwa mazuri kwa watu wa fungu la kwanza, au waliokaribia kuingia.

Babu yalimpita. Kilichomfikia yeye ni greda. Mwaka aliutaja kuwa 1951 au 1952. Ilikuja njano, ikashuka Nyang'oro asubuhi, ikamaliza kabla ya adhuhuri kipande walichokuwa wakikichonga kwa wiki nzima. Walisimama pembeni na makarai yao wakiitazama. Dereva alikuwa kijana wa Kibena aliyejifunza mashine Kongwa, kwenye ule mradi wa karanga ulioanza 1947 na kufa ukiwa bado mchanga, ukaacha matrekta na watu wanaojua kuyaendesha. Kijana yule aliingia kwenye ikama. Kambi ilibakishiwa watu wanane wa kusafisha kalvati, na babu, kwa sababu ya ufundi wake wa mawe, alibaki miezi michache mpaka fungu lilipokwisha. Safari hiyo hakuitwa tena.

Hiyo P.W.D. haipo. Ukiitafuta leo itabidi uzunguke ofisi kadhaa: barabara kuu zilikwenda TANROADS mwaka 2000, majengo TBA mwaka 2002, magari na vivuko TEMESA mwaka 2005, na barabara za vijijini TARURA mwaka 2017. Kalvati linajengwa na mkandarasi, na vibarua ni wa mkandarasi, kwa hiyo katika tange ya serikali hawapo vile vile, ila sasa kwa sababu nyingine.

Nisijifanye mtakatifu. Katika halmashauri mojawapo nilizotumikia kulikuwa na mama mfagiaji wa soko. Alilipwa kwa mapato ya ndani, kwa mkataba wa miezi mitatu. Mkataba ukiisha tulimpumzisha wiki mbili, kisha tukampa mwingine wa miezi mitatu, ili asije akahesabika kuwa wa kudumu. Alifagia miaka kumi na moja. Ile mikataba yote, mmoja baada ya mwingine, ina saini yangu. Nilipokuwa nikisoma yale makadirio pale Upanga nilijaribu kukumbuka jina lake la pili nikashindwa.

Mwaka 1987, mwaka mmoja kabla sijaajiriwa, nilikaa na babu nyumbani wiki nzima ya mvua. Jioni moja, bila kuulizwa, alianza kuita majina ya kambi yake. Aliyaita kwa mpangilio wa daftari, kama alivyomsikia karani akiita, na kila jina akaweka "bin" yake. Nilichukua daftari la shule la mdogo wangu nikaandika haraka. Yalifika thelathini na moja. Katika namba kumi na tisa alinyamaza kidogo, akasema "huyu alifukiwa na kifusi", akaendelea na ya ishirini. Alifariki mwaka 1991.

Karatasi zile nimezitoa kwenye daftari, nimezifungulia jalada, nimezipa folio. Ishirini na tisa yanasomeka vizuri. Namba saba na namba ishirini na sita siwezi kuusoma mwandiko wangu mwenyewe; ya saba inaanza na "Mwa" na baba yake naona ni "Kalinga", ya ishirini na sita maji ya mvua yamekula katikati imebaki "bin" peke yake. Wasomaji wa Isimani, Izazi na Migoli, kama nyumbani kwenu kuna babu aliyewahi kukaa kambi ya barabara ya Nyang'oro, niandikieni. Namba saba anaweza kuwa wa kwenu.